Maji ya Samaki na Maji ya Udhu



Tulipokuwa Dubai tulipitishwa nyuma ya lile hodhi kubwa la samaki lililofunguliwa mwaka 2008, lenye maji kiasi cha lita milioni 10. Mbele ya kioo watu hustaajabia papa na taa; sisi tulistaajabia pampu na machujio, na watumishi wapimao chumvi ya maji. Kiumbe asiyefaradhiwa sala husafishiwa maji usiku na mchana!

Tukayakumbuka mabirika ya misikiti yetu. Wazee wetu walitia humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Leo katika baadhi yake hata samaki haoni mbele yake, nasi twatawadhia maji hayo hayo, kisha twaingia ndani kugombania mahali pa kuweka mikono katika sala.