Kuhani Mkuu wa Roma na Daraja Lake



Mtu anayeitafuta dini ya kweli huuliza maswali mengi, na moja katika yale ya mwanzo ni hili: Ni nani mkubwa wa dini hii, naye ameupataje ukubwa wake? Swali hili si utovu wa adabu. Mwenye kuuliza hivyo anakusudia kuiweka roho yake mikononi mwa mtu mwingine, na ana haki ya kuitazama kwanza mikono hiyo. Leo napenda tulichukue swali hilo mpaka mji wa Roma ya kale, zamani kabla Ukristo haujaingia huko, tukamtazame kuhani mkuu wa dini ya Warumi. Mahekalu ya dini ile ni magofu, na cheo kile hakina tena mtu wa kukitetea. Kwa hiyo twaweza kukichungua bila hasira wala upendeleo, kama tabibu aichunguzavyo maiti ili ajue ugonjwa uliomwua mtu.

Kuhani huyo aliitwa Pontifex Maximus. Neno pontifex, kwa maelezo ya mwanachuoni wao Varro, limetokana na maneno mawili yenye maana ya daraja na kufanya, yaani mjenzi wa daraja. Varro alisema hivyo kwa sababu makuhani hao ndio waliolijenga na kulitengeneza daraja la kale la miti juu ya mto Tiber, ambalo kwa mwiko wa dini halikutiwa chuma hata kidogo. Si wote waliokubali maelezo hayo. Quintus Mucius Scaevola, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani mkuu, alilifasiri neno hilo vingine. Lakini maana ya mjenzi wa daraja ndiyo iliyoshika katika vinywa vya watu, nayo yatufaa, maana wakubwa wa dini karibu zote hudai jambo la namna hiyo: kwamba wao wanaijua njia ya kuvukia. Basi na tuulize, daraja hili liliwavusha watu kwenda wapi?

Kwa masimulizi ya Warumi, cheo hiki kiliwekwa na Numa, mfalme wao wa pili. Wafalme walipofukuzwa, kuhani mkuu alirithi sehemu kubwa ya kazi zao za dini, na makao ya kazi yake yakawa jengo lililoitwa Regia, yaani nyumba ya mfalme, penye uwanja mkuu wa mji. Yeye alikuwa kiongozi wa baraza la makuhani. Hapo mwanzo wote walitoka katika koo za mabwana, mpaka mwaka 300 K.K. sheria ilipowafungulia mlango raia wengine. Baadaye Sulla aliwafikisha makuhani hao 15, na Julius Caesar akaongeza mmoja. Kazi za mkubwa wao zilikuwa nyingi: sadaka za dola, hesabu ya siku na miezi, mambo ya makaburi na wasia, na ulinzi wa mabikira 6 wa Vesta waliouchunga moto usiozimwa. Kila mwaka aliandika mambo makubwa yaliyotukia juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe. Alidumu katika cheo hata kufa.

Lakini tazameni lile lisilokuwamo katika orodha hiyo. Hakuwekwa ili awahubirie watu waache dhuluma. Hakuwekwa ili awafundishe kumpenda aliyewaumba. Wala yeye mwenyewe hakuulizwa anaamini nini! Aliulizwa jambo moja tu: Je, ibada imefanywa sawasawa? Msomaji mmoja alisoma maneno ya dua kutoka katika kitabu, na mwenye kutoa sadaka akayafuata neno kwa neno. Mwingine alipiga filimbi ili isisikike sauti yoyote yenye nuksi. Neno likikosewa, ibada yote hurudiwa tangu mwanzo. Plutarch anaeleza kwamba katika zama za karibu na zake sadaka moja ilirudiwa mara 30. Ilikuwa dini ya mapatano: sisi tumelipa bila kupunguza, nanyi miungu mtulipe. Katika mapatano ya namna hiyo moyo hauna mahali, kama vile mwenye duka asivyouliza mnunuzi anamwonaje, maadamu fedha ni kamili.

Sasa, dini ikiwa ni kujua kanuni tu, mwenye kuzijua kanuni huwa bwana wa wasiozijua. Makuhani wa Roma kwa muda mrefu walizificha siku. Mtu aliyetaka kumshtaki mwenziwe hakujua ni siku gani dini inaruhusu baraza kukaa, wala ni maneno gani yanayokubaliwa katika shauri. Ilimpasa aende kwa makuhani kuuliza. Mwaka 304 K.K. mtu mmoja aitwaye Gnaeus Flavius, karani, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, aliyaandika yote hayo na kuyatangaza kwa watu. Mabwana walikasirika sana. Ajabu ya makasiriko hayo! Flavius hakuiba dhahabu ya hekalu wala hakuvunja sanamu. Aliwaambia watu leo ni siku gani. Na haki itendewe makuhani nao: kiasi cha miaka 50 baadaye Tiberius Coruncanius, wa kwanza kuwa kuhani mkuu kutoka nje ya koo za mabwana, aliufungua mlango wake akafundisha sheria mbele ya kila aliyetaka kusikiliza. Mtu wa namna hiyo hupatikana hata katika dini iliyopotea, nasi hatutamnyima sifa yake.

Hesabu ya mwaka ilibaki mikononi mwao. Mwaka wa Warumi ulikuwa na siku 355, na ili usiachane na jua, makuhani waliongeza siku 22 au 23 katika miaka waliyoona yafaa. Yafaa kwa nani? Rafiki akiwa madarakani mwaka ulirefushwa, na adui akiwa madarakani uliachwa mfupi. Cicero alipokuwa liwali wa Cilicia, mwaka 51 K.K., naye anatamani kurudi nyumbani, aliwaandikia rafiki zake wapiganie mwaka usiongezwe siku, ili muda wake wa utumishi usirefuke. Matokeo yake yalikuwa kwamba sikukuu za mavuno zilikuja wakati usio wa mavuno. Mkulima akatoa shukrani kwa ngano ambayo haijakatwa. Mwaka 46 K.K. Caesar, kwa msaada wa Sosigenes, mjuzi wa nyota, aliirekebisha hesabu, na ili kulipa deni lililolimbikizwa mwaka huo peke yake ulifanywa kuwa wa siku 445. Wengi humsifu kwa kazi hiyo, na ni haki yake. Lakini tusisahau kwamba wakati ule alikuwa amekwisha kuwa kuhani mkuu kwa miaka 17, na sehemu kubwa ya deni lile iliongezeka katika miaka yake mwenyewe, alipokuwa vitani.

Kuna jambo zito zaidi ya siku. Mwaka 216 K.K. Hannibal wa Carthage aliliangamiza jeshi la Roma huko Cannae, na mji ukajaa vilio. Watu walitaka kujua kwa nini miungu imekasirika. Dini iliyo hai ingewaambia watu watazame matendo yao. Dini ile ilitafuta kosa katika ibada, na mtu wa kulibeba. Mabikira wawili wa Vesta, Opimia na Floronia, walihukumiwa kwamba wamevunja ubikira wao. Mmoja alizikwa akiwa hai kwa desturi yao, na mwingine akajiua. Mwanamume aliyetajwa pamoja na mmoja wao, Lucius Cantilius, karani wa makuhani, alipigwa hadharani kwa mkono wa kuhani mkuu mwenyewe mpaka akafa. Kisha, kwa agizo la vitabu vya siri vilivyochungwa na makuhani wengine, Wayunani wawili na watu wawili wa Gaul, wanaume na wanawake, wakazikwa hai katika soko la ng'ombe. Livy, mwanahistoria wao, anaposimulia habari hiyo huona haya na kusema hiyo si ibada ya Kirumi. Lakini ilitendwa Roma, na Warumi. Angalieni waliotolewa: wasichana waliotwaliwa toka kwa wazazi wao walipokuwa kati ya miaka 6 na 10, karani, na wageni. Majemadari walioshindwa hawakuguswa.

Na mwaka 133 K.K. yalitokea yaliyo wazi zaidi. Tiberius Gracchus, mtetezi wa raia, alitaka ardhi ya dola wagawiwe maskini. Mtetezi wa raia alikuwa mtu mtakatifu kwa kiapo cha dini. Aliyemgusa kwa ubaya amelaaniwa. Ni nani basi aliyewaongoza wazee wa baraza na watumishi wao wamwendee kwa marungu na miguu ya viti iliyovunjwa? Scipio Nasica, kuhani mkuu! Alijifunika kichwa kwa upindo wa vazi lake, akatangulia. Gracchus aliuawa pamoja na watu zaidi ya 300, na maiti zao zikatupwa katika mto Tiber, mto ule ule wa daraja la makuhani. Nasica hakushtakiwa. Baraza lilimtuma Asia ili watu wasimwone, akafia Pergamum. Sheria ya dini alikuwa akiijua kuliko wote, lakini siku ardhi ya matajiri ilipoguswa haikumzuia hata kidogo.

Tuje sasa kwa Caesar, kwani kwake ndiko tunakolipata jibu la swali letu. Mwaka 63 K.K. cheo kilikuwa kitupu. Kilipatikana kwa kura za mafungu 17 kati ya 35 ya raia. Caesar alikuwa bado kijana kwa cheo hicho, na walioshindana naye, Catulus na Servilius Isauricus, walikuwa wazee wenye heshima. Alitoa rushwa nyingi kwa fedha za mkopo, hata asubuhi ya siku ya kura alimwambia mama yake kwamba atarudi akiwa kuhani mkuu au hatarudi kabisa. Hakuwa akiogopa miungu. Aliogopa wadai wake. Alishinda, akahamia katika nyumba ya kuhani mkuu, jirani na moto wa Vesta.

Mwaka ule ule, mwezi Desemba, baraza lilikaa kuwahukumu watu wa njama ya Catilina. Caesar alisimama kuwatetea wasiuawe, na Sallust ametuandikia maana ya hotuba yake. Alisema kifo si adhabu kubwa, kwani ni kikomo cha taabu zote, na baada yake hakuna huzuni wala furaha. Ndugu msomaji, yapime maneno haya pamoja na cheo cha aliyeyasema. Mjenzi mkuu wa daraja amesimama mbele ya wakubwa wa mji na kusema kwamba hakuna ng'ambo! Wala hakuna aliyemwambia avue joho lake. Cato alimjibu kwa ukali, ila ukali huo haukuwa wa kumtaka aache cheo. Alitaka watu wale wafe, wakafa. Vivyo hivyo Cicero, katika kitabu chake juu ya miungu, anamweka Cotta, mmoja wa baraza la makuhani, azibomoe hoja za kuthibitisha kuwapo kwa miungu, huku akisema kwamba kwa kuwa yeye ni kuhani atazilinda ibada za wazee.

Msidhani kwamba ukuhani wote uligombewa hivyo. Palikuwa na kuhani wa Jupiter mwenyewe, Flamen Dialis, ambaye maisha yake yalikuwa mwiko mtupu: asipande farasi, asiguse maiti, asitazame jeshi lililojipanga, asile maharagwe, asilale mbali na kitanda chake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa jemadari wala kutawala jimbo. Mwaka 87 K.K. aliyekishika cheo hicho, Merula, alijiua katika machafuko ya mji, na kiti chake kikakaa kitupu zaidi ya miaka 70, mpaka mwaka 11 K.K. Karamu ya cheo chenye faida ilikuwa na wageni wengi, na cheo chenye kumfunga mtu hakikupata hata mmoja. Nikiulizwa nitoe ushahidi mmoja tu kwamba dini ile ilikwisha kufa ndani kabla haijafa nje, sitataja vita wala damu, nitataja kiti kile kitupu.

Baada ya Caesar cheo kilikwenda kwa Lepidus, na alipokufa Augustus akakitwaa tarehe 6 Machi mwaka 12 K.K. Tangu hapo kila mfalme wa Roma alikuwa kuhani mkuu, hata Konstantino na wana wake waliofuata Ukristo. Gratian, aliyetawala toka mwaka 367 mpaka 383, ndiye anayesimuliwa kuwa alilikataa vazi la cheo hicho.

Wapo wenye haraka wasemao kwamba Papa alikipokea cheo hicho hapo hapo toka mkononi mwa Gratian. Hilo halina ushahidi, nasi hatuna haja ya kujenga juu ya mchanga. Neno pontifex lilikuwa limekwisha kuingia katika Kilatini cha Wakristo, likatumiwa kwa maaskofu. Jina lote, Pontifex Maximus, lilikuja kuzoeleka kwa Mapapa katika karne ya 15, wakati wasomi wa Italia walipopenda kuyafufua maneno ya kale, na ndipo lilipoanza kuchongwa kwa wingi juu ya milango, chemchemi na majengo ya Roma, ambako msafiri hulisoma hata sasa.