Chumvi Inapomla Mtu

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika Imani, mzee tunamwita mtu aliyekula chumvi nyingi. Kule Ziwa Katwe, wilayani Kasese, wapo ambao chumvi ndiyo inayowala. Wanaume huingia ziwani na mitaimbo kuvunja chumvi ya mawe; wanawake husimama kwenye mabwawa madogo wakikusanya ile inayoganda. Maji yale yana pia magadi na salfeti, na hutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Ngozi hupasuka, macho huwasha, mwenye jeraha huungua. Wapo wanaume wanaovaa kondomu kazini ili maji yasiwachome, na wanawake wanaojipaka unga kwa sababu hiyo hiyo.

Kiwanda cha chumvi kilichojengwa hapo kilisimama mapema, kwani maji hayo yalikula mabomba yake. Ikiwa chuma kilishindwa, ngozi ya binadamu itaweza?

Abu Dharr (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaita watumishi kuwa ni ndugu zetu, akakataza kuwatwisha wasiloliweza, na tukiwatwisha, tuwasaidie. Agizo hilo halikuishia kwenye ujira. Mtu anaweza kulipwa kwa wakati na bado akadhulumiwa mwili wake, ambao ni amana ya Allah.

Wengine husema, "Ndiyo riziki yake, asubiri." Subira ni ya aliyefikwa na msiba. Mwenye uwezo wa kuupunguza msiba huo ameamrishwa kusaidia.

Chumvi hiyo huingia katika masufuria yetu, nasi tuna deni. Anayesoma uuguzi aende akafundishe kutunza ngozi na majeraha. Anayesoma kemia apime maji. Anayesoma sheria awaeleze wenye mabwawa kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Nasi sote, sadaka yetu ya Ramadhani inunue mavazi ya mpira yanayofika kifuani, glavu, na matangi ya maji safi ya kuogea baada ya kazi.

Ewe Mola, walinde wanaotulisha, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaokula jasho la ndugu zao bila kuwajali. Amin.