Samaki Aliyerudishwa Mtoni

Dada yangu mkubwa hukaanga samaki kila jioni kwenye baraza ya nyumba yetu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Alfajiri huenda Feri, kule Magogoni, akasimama mnadani pamoja na wachuuzi wenziwe, akarudi na ndoo ya vibua, au changu siku ambayo mkoba unaruhusu. Akawapara magamba, akawapasua matumbo, akawatia chumvi na ndimu. Na jua linapotua, mafuta huwa yamekwisha kuchemka. Ni kwa samaki hao alimsomesha mwanawe wa pekee, ambaye leo yuko Marekani, jimbo la Minnesota, akifanya kazi ya usiku katika ghala.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kijana huyo alipiga simu tukiwa barazani. Mvua ya vuli ilikuwa imetoka kunyesha na maji yalitanda njia nzima. Baada ya shikamoo na marahaba akatusimulia kwamba siku iliyotangulia, yeye na rafiki yake waliingia mtumbwi mwembamba wakapiga kafi saa tatu katika mto St. Croix, mpakani mwa Minnesota na Wisconsin, mahali pasipo nyumba wala barabara, katika baridi ya kukata masikio. Wakavua samaki wanne.

"Wakubwa?" dada akauliza.

"Wakubwa, mama. Mmoja alinifika kiwikoni."

"Mkawapikaje?"

"Hatukuwapika. Tuliwarudisha mtoni."

Dada akacheka, kisha akanyamaza. Akanipa simu, akarudi kwenye karai lake. Baadaye, akigeuza vibua, alisema bila kunitazama: "Kumbe mwanangu kashiba kiasi hicho."

Neno hilo sikuweza kulala nalo. Je, yafaa mtu amvue samaki asiyekusudia kumla? Na akimrudisha majini, amefanya wema, au amelifuta tu kosa alilolianza mwenyewe?

Nikiri kwanza kero ya kazi yangu ya kufasiri. Kijana alisema, "Huku sasa ni mwisho wa vuli." Sisi wafasiri ndio tuliompa neno hilo. Vuli ya kwetu ni mvua ya mwisho wa mwaka, iamshayo majani. Ya kwao ni majira ya majani kupukutika. Neno moja, na miti miwili katika hali zilizo kinyume. Nimelitumia mara nyingi kwa kukosa jingine, na kila mara nimehisi kwamba msomaji wa Unguja au Mafia, aliyekaa chini ya mwembe uliotota, ananiona mwongo.

Samaki mwenyewe ana rangi ya shaba, na wenyeji humwita kwa udogo wa mdomo wake. Jina la kitaalamu la jamii yake, Micropterus, maana yake ni pezi dogo. Alilitoa Mfaransa Lacépède mwaka 1802, baada ya kumchunguza samaki mmoja ambaye pezi lake lilikuwa limeharibika. Basi hata wataalamu hufasiri vibaya. Maji yanapopoa, samaki hao hukusanyika katika vilindi vya mto, wakala kidogo na kusogea kwa uvivu. Mvuvi huacha chambo kitulie karibu na chini, akangoja. Saa nzima yaweza kupita bila mshipi kutikisika. Kungoja huko, aliniambia mpwa wangu, ndiko akupendako kuliko kupata.

Wenye desturi hii wana hoja, wala si hoja dhaifu. Samaki huyo hukua polepole, na aliyefika kiwikoni aweza kuwa na umri wa miaka kumi na zaidi. Lau kila avuaye angekula, vilindi vingebaki vitupu. Lee Wulff, mvuvi mashuhuri wa Marekani, alianza kutetea kurudisha samaki tangu miaka ya 1930, ili mtu mwingine naye amkute. Lakini Uswisi, kwa kanuni zake za mwaka 2008 za kulinda wanyama, imekataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha. Na Ujerumani sheria yataka pawe na sababu ya maana kabla mnyama hajaumizwa, na kula ni sababu, mchezo si sababu. Mataifa yenye vitabu vile vile yamefika ukingoni mwa mto na kutoa hukumu mbili.

Kwamba samaki huumia, sina shaka nako sana. Mwaka 2003 mtaalamu Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti waliwadunga trauti midomoni kwa sumu ya nyuki na kwa asidi. Samaki wakaacha kula kwa muda, wakawa wanayumba. Waliodungwa asidi wakasugua midomo yao kwenye changarawe. Wapo wataalamu wabishao kwamba hayo si maumivu kama yetu. Mimi shule yangu haikufika mbali, lakini kiumbe anayesugua mdomo wake juu ya mawe sioni kama anahitaji mkalimani.

Nami niliwahi kumvua samaki bila njaa. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mto Msimbazi, pale Jangwani, ulikuwa bado na kambale, na baada ya mvua sisi watoto wa Kariakoo tulikuwa tukishuka na mishipi na kopo la minyoo. Nikapata mmoja mnene. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa, hafi upesi nje ya maji, na mimi nikalifanya hilo mchezo. Nikamtia katika beseni chini ya kitanda, na kwa siku tatu nikawa namlaza sakafuni, watoto wenzangu wakihesabu atadumu kiasi gani, kwa dau la gololi. Bibi alipogundua hakunipiga. Alimchukua pamoja na beseni lake, akamuua kwa pigo moja, akampika kwa nazi, akanipakulia mimi peke yangu. Nikasema siwezi kumla. Akasema: "Umemtesa siku tatu bila sababu. Sasa mpe sababu."

Nilikula huku nalia.

Kwa miaka mingi niliona kauli ya Bibi imemaliza mjadala. Nilipokuja kusoma hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Imam an-Nasai, ya ndege mdogo atakayemshitaki Siku ya Kiyama yule aliyemuua bure, nilidhani nasikia sauti yake. Lakini mpwa wangu hakuua. Au tuseme hakukusudia kuua, maana katika hao warudishwao wamo wanaokufa baadaye, hasa waliomeza ndoana, ingawa maji ya baridi huwapunguza. Basi yuko wapi yeye, kati ya mla na mharibifu?

Wavuvi wetu nao hurudisha. Mvuvi wa dema aliye muungwana huwamwaga wadogo baharini. Tofauti ni nia. Huyu alitoka kwake kutafuta chakula, huruma ikamkuta njiani. Mpwa wangu alitoka nyumbani na huruma yake imekwisha kufungwa katika mkoba mmoja na ndoana. Huruma ya namna hiyo inanitia mashaka: imeitengeneza kwanza hatari, ili ipate wa kumwokoa.

Msomaji asidhani jambo hili liko Marekani tu. Mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoungana kuwa Kilombero na kuishia Rufiji, huletewa wavuvi wa kigeni wakati wa kiangazi, maji yanapopungua. Hulipa fedha nyingi wamtafute samaki mwenye meno kama misumari, ambaye aina yake moja ilitambuliwa na wataalamu mwaka 1986 na kupewa jina la Tanzania, Hydrocynus tanzaniae. Humpiga picha, humrudisha. Chini ya mto huo huo mwanakijiji katika mtumbwi wake wa gogo humvua samaki ili ambanike moshini. Ukiniuliza nikae mtumbwi gani, nitakaa wa gogo.

Hata hivyo tulao tusijitakase. Kwa miongo mingi bahari ya Dar es Salaam ilipigwa baruti, mpaka msako wa miaka ya 2010 ulipoipunguza sana. Dada yangu alimjua samaki wa baruti kwa kumbonyeza: nyama imelegea, mifupa imevunjika kwa ndani. Alinikiria kwamba zipo siku alimnunua akijua, kwa kuwa bei ilikuwa chini na ada ya shule ilikuwa imefika. Sababu ya Bibi tulikuwa nayo, tena tele. Tuliigeuza kibali cha kila kitu.

Nilimpigia kijana simu tukazungumza faragha. "Mjomba," alisema, "ghalani kila dakika yangu inahesabiwa. Mle mtumbwini hakuna anayenihesabu."

"Na samaki je?"

"Samaki ndiye anayenituliza. Bila mshipi ningekaa dakika kumi nikaondoka."

"Kwa hiyo unamwumiza ili upate utulivu."

Akanyamaza muda. "Labda," akasema. Kisha: "Lakini mjomba, na wale wa mama walikuwa na midomo."

Nikilazimishwa kuhukumu, nasema haifai. Utulivu wa mtu mpweke ni haja, siipuuzi, lakini sioni kwa nini aulipe mwingine kwa mdomo wake. Ila siwezi kuitoa hukumu hiyo kwa sauti ya Bibi, na kinachonizuia ni Msimbazi. Juzi nilishuka Jangwani kupatazama. Maji ni meusi, plastiki imefunika kingo, na harufu yake haielezeki katika jarida la ushairi. St. Croix ulikuwa miongoni mwa mito minane ya kwanza kulindwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, na kijana asema wapigao kelele zaidi mto unapotiwa taka ni hao hao wavuvi wasiokula. Yeye hurudisha samaki kwa kuwa upo mto wa kumpokea. Mimi nikimpata kambale leo pale Jangwani, kumla siwezi. Na kumrudisha je, nimrudishe katika nini?

Wiki iliyopita alituma picha ya siku ile. Miti mitupu, maji ya rangi ya chuma, na yeye amempakata samaki juu ya maji, tayari kumwachia. Nilimpa dada simu. Aliifuta mikono kwa kanga, akaitazama picha muda mrefu, na mimi nikangoja aseme neno juu ya samaki.

"Tazama vidole vyake vilivyobabuka," akasema. "Mwambie avae glavu."