Uzuri wa Mji na Deni la Kumbukumbu

Yupo mtu aaminiye kuwa msafiri mwema ni yule asifuye kila akionacho. Na yupo aaminiye kuwa aliyeonewa hana ruhusa ya kuusifu mji wa aliyemwonea. Wa kwanza ni mwepesi wa kusahau, wa pili ni mzito wa kuona. Mimi, mzaliwa wa Tunduma katika mkoa wa Songwe, nilikuwa nusu ya kila mmoja wao siku niliyosimama katika kiwanja cha Pariser Platz, mjini Berlin, mbele ya Lango la Brandenburg.

Kiwanja kile ni kizuri, na kuukana uzuri wake ni uongo. Nguzo za lango ni ndefu na nene. Juu yake farasi wanne wanavuta gari la ushindi. Watoto walikimbiza njiwa, na wazee waliota jua. Lakini karibu na lango niliona safu mbili za mawe zilizolazwa njiani. Ndizo alama za ukuta ulioukata mji ule tangu 1961 hata 1989, ndugu wakatengwa na ndugu, na kiwanja kikawa mahame. Niliyavuka mawe yale kwa hatua moja, wala hapakuwa na askari wa kuniuliza hati.

Mtu wa Tunduma havuki mstari asikumbuke kwao. Kwetu mstari hupita kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, na Wanyamwanga wako huku na huko, lugha yao moja na misiba yao moja. Mstari huo haukuzaliwa kwetu. Mwendo mfupi kutoka lango lile upo mtaa wa Wilhelmstraße, ulipofanyika mkutano wa 1884 na 1885 uliotunga kanuni za kuitwaa Afrika. Na katika mji uo huo, tarehe 1 Julai 1890, Wadachi na Waingereza walitia sahihi mkataba uliotaja Mto Songwe kwa jina, wakaufanya mpaka, kisha wakauendeleza mstari hata Ziwa Tanganyika. Mto ulitajwa, waliokunywa maji yake hawakuulizwa.

Je, mtu wa kwetu na auchukie mji ule? Nilijiuliza hayo nikitembea Neukölln, mtaa wenye watu wa mataifa mengi, maduka ya Waturuki na Waarabu, na kelele za furaha hata usiku. Huko ipo njia iliyoitwa kwa jina la Wissmann, jemadari aliyewapiga Abushiri na wenzake katika pwani yetu mwaka 1889. Tangu 2021 njia hiyo ina jina la Lucy Lameck, binti wa Kilimanjaro aliyepigania uhuru wa Tanganyika. Jina halikubadilika lenyewe: walikuwapo watu waliokumbuka, wakasema, wakasikilizwa.

Atasema msomaji kuwa kibao cha njia hakimlishi mtu, wala hakiondoi mpaka. Ni kweli. Lakini mwenyeji aliyekiri kosa amelipa sehemu ya deni lake. Na mgeni aliyekiri uzuri alioukuta amelipa lake. Chuki hutupofusha tusione mema. Usahaulifu hutupofusha tusione maovu. Mwenye haki hahitaji kuchagua upofu mmoja.

Hata hivyo, deni jingine limebaki, nalo si la Wadachi. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika huru walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Walikuwa na sababu, kwa maana waliogopa vita vya ndugu. Lakini tangu siku hiyo mstari ule ni wetu pia, na namna ya kuishi nao ni kazi yetu. Mama avukaye asubuhi na tenga la nyanya kichwani, tukimdharau kwa kuwa ametoka ng'ambo, tukamwita mgeni karibu na nyumba ya shangazi yake, tutamlaumu nani? Waliochora mstari wamekwisha kufa. Berlin wameyalaza mawe ya ukuta wao chini, watu huyakanyaga na kupita. Yetu tungali tumeyasimamisha mioyoni.