Leso Mkononi

Hivi ujuzi wa mtu ni mali yake peke yake? Ndugu msomaji, usikimbilie kujibu. Mwenzako nilijibu haraka, nikamwumiza mtu.

Nina rafiki ambaye sote wawili tunaandika hadithi. Yeye ni mpenzi wa jazz, na ndiye aliyenifundisha kusikiliza vibrafoni. "Ni marimba ya chuma, bwana," aliniambia. Ina vibao vya alumini, chini yake mabomba, na mota inayozungusha visahani juu ya mabomba hayo ili sauti itetemeke. Mguuni kuna pedali ya kuiacha sauti idumu au kuikata. Alinieleza yote bila kunipimia. Lakini siku aliponiuliza nafanyaje hadi wahusika wangu wakaongea kama watu kweli, nilimjibu: "Ah, yanakuja tu."

Uongo mtupu. Ninalo daftari. Nikishuka kwenye daladala naandika maneno ya abiria, usiku nayasoma kwa sauti, nakata, naandika upya. Niliogopa kwamba akijua atafanya hivyo naye, kisha atanipita.

Kumbe hofu hii ni ya zamani. Inasimuliwa kwamba Freddie Keppard, mpiga kornet wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, alifunika vidole vyake kwa leso jukwaani ili wenzake wasimwibie ufundi. Ni rahisi kumcheka. Lakini wanamuziki weusi wa Marekani waliibiwa kweli. Santuri ya kwanza ya jazz, ya mwaka 1917, ilikuwa ya bendi ya Wazungu, ingawa waliokuwa wameukuza muziki huo hasa ni watu weusi. Kwa hiyo leso ile ina hoja yake: mtu ana haki ya kumficha yule atakayechukua jasho lake akaliuze.

Je, na mwenzako mnayekaa naye benchi moja?

Hapo namtazama Gary Burton. Alianza kujifunza vibrafoni mwenyewe akiwa mtoto. Akazoea kupiga kwa vijiti vinne, viwili kila mkono, vikipishana kiganjani, na akabuni namna yake ya kuvishika. Angeweza kufunga mdomo. Badala yake alichapisha kitabu cha mazoezi, na kuanzia 1971 akafundisha katika chuo cha Berklee, Boston, kwa miaka mingi. Leo wanafunzi wa nchi nyingi wanashika vijiti kwa namna inayoitwa kwa jina lake. Hakufilisika kwa kutoa. Alipata Grammy 7.

Mwingine ni Milt Jackson wa Modern Jazz Quartet. Yeye alipunguza kasi ya mota, sauti ikatetemeka polepole kama ya mtu anayeimba. Kasi ya mota si siri. Mwenye chombo anaweza kuipunguza vilevile. Lakini hatakuwa Milt. Yale masikio, ile subira ya kungoja noti moja ife kabla ya kupiga nyingine, mtu hayapati kwa kuchungulia.

Mtasema mimi nilificha daftari tu. Hapana. Wiki moja baadaye rafiki yangu aliniambia ameacha kuandika. "Basi mimi sikujaliwa," alisema, wala hakuonekana kulalamika. Hapo nikashtuka. Nilipoficha kazi yangu, nilimfanya aamini kuwa ni kipaji, na kipaji ukikikosa huna la kufanya. Leso ya Keppard angalau kila mtu aliiona, akajua kuna kitu chini yake. Yangu haikuonekana.

Ndiyo maana nasema: kunyamaza kunaweza kuwa haki yako, lakini kumdanganya anayejifunza kwamba hukujifunza, hiyo ni dhuluma.

Daftari liko mezani ninapoandika haya. Akinipita itaniuma, siwafichi. Lakini Jumamosi nalipeleka kwake, na nitaanza kwa kumwomba radhi kwa lile "yanakuja tu".