Kicheko cha Amri Athumani

Habari ya kifo cha mchekeshaji King Majuto tuliipata usiku, tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane. Alikuwa amelazwa hospitali ya Muhimbili baada ya kurudi kutoka India kwenye matibabu. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakumbuka kituko kimoja cha marehemu, akacheka huku machozi yanamtoka, na sisi watoto wake tukacheka naye. Tangu usiku ule najiuliza: mtu anayetuchekesha hata kwenye msiba wake alitupa nini hasa?

Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, na miaka sitini baadaye alikuwa bado kazini. Sisi tulimjua kwa jina la Majuto. Fikiria hilo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, kwamba huja nyuma, mambo yakishaharibika. Yeye alilichukua neno hilo zito akalipandisha jukwaani, likawa linamtangulia, na watu wakawa wanacheka hata kabla hajafungua kinywa.

Wengi humwita msanii wa namna hii mwenye vipaji vingi. Sipingi, ila nadhani tunasahau shule iliyomlea yeye na wenzake. Katika maonyesho ya vikundi vya sanaa vya miaka ya 1970 na 1980, kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, mazingaombwe, taarabu, maigizo na kichekesho. Anayeigiza sasa hivi ndiye aliyekuwa anacheza ngoma dakika kumi zilizopita, jasho halijamkauka. Kichekesho chenyewe hakikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa, wakapanda, na mengine yakazaliwa palepale mbele ya watu. Ukimchosha mtazamaji, anaguna, na wewe unageuza neno hapohapo. Kwa hiyo kujua mengi kulikuwa adabu kwa aliyelipa kiingilio: uwe tayari kuwa yule anayehitajika usiku huo.

Kisha zikaja kanda za video, televisheni, na filamu tunazoziita Bongo Muvi. Kamera haigunii mtu. Wapo waliohamia huko wakapwaya, kwa sababu waliyekuwa wakizungumza naye hayupo tena. Majuto alihama na watazamaji wake kichwani. Mwangalie vizuri anapocheza yule mzee mkali, bahili, mbishi, kwa lafudhi yake ya Tanga: akishatupa neno, anasita kidogo, jicho linazunguka, ndipo anaendelea. Ule upenyo mdogo ni wetu. Anatungoja tumalize kucheka, ingawa alirekodi miaka mingi iliyopita na sisi tuko sebuleni mbali naye. Kwangu mimi, maana ya kazi yake imo katika kusita kule. Miaka sitini ya sanaa ilimfundisha kwamba kicheko kinakamilishwa na anayecheka, kwa hiyo lazima aachiwe nafasi.

Ndiyo maana inaniuma kwamba sisi wenye nafasi hiyo hatukuitunza sawasawa. Ugonjwa wake uliamsha mjadala mkubwa juu ya mikataba ya wasanii, na watu wakashangaa kusikia kwamba sura inayotambulika nchi nzima inaweza kuwa ya mtu asiyefaidi jasho lake. Mshangao huo ulichelewa. Tulimcheka kila siku bila kuuliza anakula nini.

Mengi ya yale ya jukwaani yameshapotea. Hayakurekodiwa, na waliokuwa ukumbini wanapungua kila mwaka. Yaliyobaki ni ya kwenye kanda, na kanda huota ukungu. Ukiwa nazo juu ya kabati, za Majuto au za wenzake wa kizazi kile, usizitupe. Tafuta fundi azihamishe kwenye kompyuta, kisha mketishe mzee mmoja wa nyumbani kwenu mbele ya kioo akutajie majina ya wote wanaoonekana pale, uyaandike.