Mgeni Katika Hekalu la Wengine

Mji wa Kandy umo milimani, katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kiliitwa Ceylon. Humo limo hekalu mashuhuri ambamo, kama waaminivyo Wabudha, limehifadhiwa jino la Budha, mwalimu wao. Nilipokuwa safarini huko niliingia humo jioni, saa ya ibada. Sote tulivua viatu mlangoni. Ngoma zililia, na watu waliovaa nguo nyeupe wakapanda ngazi polepole, wakichukua mayungiyungi na yasmini. Hapakuwa na kusukumana wala porojo.

Bibi kizee aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniona sina kitu, akanipa ua moja. Hatukujua lugha moja, lakini niliifahamu nia yake: hakutaka mgeni afike penye sadaka mikono mitupu.

Je, ningefanyaje? Wahenga walisema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Adabu iliniambia nilipokee, niliweke, yaishe. Dhamiri iliniambia nisifanye hivyo. Nikaunganisha mikono kifuani, nikainama kumshukuru, nikatikisa kichwa. Bibi akatabasamu, akaliongeza ua lile katika yake, akaendelea. Mimi nikasimama kando kimya hata ibada ikaisha.

Usiku ule nilijiuliza: Je, nilimdharau? Naona sivyo. Wabudha hawamwabudu Budha kama Muumba. Maua yale huwekwa kwa heshima, na kuwakumbusha kwamba kama ua linyaukavyo, ndivyo utakavyonyauka mwili wa binadamu. Kwa bibi yule ua lilikuwa na maana. Kwangu lingalikuwa la kuwapendeza watu tu. Kuliweka hivyo kungalikuwa kuigeuza ibada yake mchezo, na kuifanya imani yangu kama kanzu ya kuvuliwa njiani. Mwenye kuiheshimu ibada ya mwenziwe haiigizi.

Lakini kutoshiriki si ruhusa ya kudharau. Mtume Paulo alipofika Athene alihuzunishwa na sanamu alizoziona. Hata hivyo, alipowahubiri watu wa mji ule alianza kwa kuutambua uchaji wao. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, wala haliachi kumtangaza Kristu.

Historia ya Kandy yenyewe yatufundisha hayo. Mwaka 1687 Padre Yosefu Vaz, mzaliwa wa Goa, aliingia kisiwani kwa siri, kwa kuwa Waholanzi waliotawala pwani waliwatesa Wakatoliki. Alipofika Kandy mwaka 1692 alifungwa, akidhaniwa mpelelezi wa Wareno. Baadaye mfalme, aliyekuwa Mbudha, alimfungua, akamwacha afanye kazi yake. Hivyo waliofukuzwa na Wakristo wenzao walipata hifadhi kwa asiye Mkristo. Ndui ilipozuka mwaka 1697, Padre yule aliwauguza wagonjwa bila kubagua. Alifariki papo hapo Kandy mwaka 1711, na tarehe 14 Januari 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza mtakatifu mjini Colombo. Hakuiacha imani yake, na upendo wake haukuchagua dini ya mgonjwa.

Lakini, wasomaji wapenzi, liko neno lililonichoma zaidi. Nilikataa kuweka ua lisilo na moyo katika hekalu la wengine. Je, mara ngapi nimetoa sadaka isiyo na moyo katika kanisa langu? Nimefika Misa imekwisha anza. Nimepiga goti nusu. Midomo imejibu, na mawazo yako sokoni. Ikiwa uongo ule haukufaa mbele ya bibi yule, wafaaje mbele ya Ekaristi Takatifu?

Basi, enyi wazazi, tunapowaonya watoto wetu wasiige ibada za wengine, tuwafundishe pia wasiigize ya kwao.